Vimelea vinavyoua chaza wa asili baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwanza kabisa, ugonjwa wenyewe ni upi?

Sio mmoja, ni kama familia ya magonjwa hivi, na yote yanasababishwa na vimelea vya seli moja ambavyo kwa macho huwezi kuviona hata kidogo. Vinavyotajwa sana ni vinne au vitano. Kuna Perkinsus marinus, ugonjwa wake watu wanauita Dermo. Kuna Haplosporidium nelsoni, huo ndio MSX. Kuna Bonamia, ambayo iko ya aina mbili zinazosumbua, ostreae na exitiosa. Alafu kuna Marteilia, nayo ina ndugu zake, mmoja anasumbua Ulaya na mwingine Australia ambako ugonjwa unaitwa QX.

Kila kimelea kina chaza wake kinayempenda. Dermo na MSX vinamaliza chaza wa pwani ya mashariki ya Marekani na Canada, Crassostrea virginica. Bonamia ostreae na Marteilia refringens vimemmaliza chaza bapa wa Ulaya, Ostrea edulis. Bonamia exitiosa ndiyo iliyomkuta chaza wa New Zealand, Ostrea chilensis. Kwahiyo mtu akikwambia tu "chaza wana ugonjwa", muulize chaza gani na kimelea gani, maana jibu la swali liko hapo, tabia zao hazifanani kabisa.

Nikila chaza mwenye hivyo vimelea nitaumwa?

Hapana. Dermo, MSX, Bonamia, Marteilia, hakuna hata kimoja kinachoambukiza binadamu, hata ukimla mbichi. Kinachoumiza watu kwenye chaza mbichi ni vitu vingine kabisa, bakteria kama Vibrio na virusi vya matumbo, na hivyo ni hadithi nyingine. Naliweka hili mapema kwasababu kila habari ya mlipuko ikitoka watu wanaacha kununua kwa woga, mvuvi anaumia mara mbili, na chaza mwenyewe hasaidiki na chochote.

Kimelea kinamuuaje chaza?

Hapa ndipo panapotisha. Chaza ana seli za kinga zinazozunguka mwilini, zikikuta kitu kigeni zinakimeza na kukisaga. Dermo inamezwa vizuri tu kama kawaida, ila haisagiki. Inakaa ndani ya seli ileile iliyotumwa kuiua, inagawanyika, seli inapasuka, vinatoka vimelea vipya na kila kimoja kinamezwa na seli nyingine. Bonamia nayo inaishi hivyohivyo ndani ya seli za kinga, na ni ndogo mno, mikroni 2 mpaka 3 tu, yaani kwenye milimita moja unaweza kupanga mia kadhaa. Kwa hiyo kinga ya chaza inageuka kuwa basi la kumsambaza adui mwili mzima.

MSX inaanzia kwenye matamvua, inaharibu sehemu anayopumulia na kuchujia chakula, baadae inaenea. Marteilia inashambulia tezi ya kusagia chakula, inazaa mbegu zake humo mpaka chaza hawezi kufaidi alichokula, anakonda na kufa njaa huku maji yamejaa chakula.

Chaza wengi hawafi ghafla. Dermo mara nyingi inaingia kiangazi cha kwanza, baridi ikija inalala, kiangazi kinachofuata inalipuka na vifo vingi vinatokea mwishoni mwa joto. Kabla ya kufa chaza anakuwa amekonda, nyama imekuwa ya majimaji, gamba limeacha kukua na mayai anatoa machache. Huo muda wa kuumwa bila kufa unasahaulika sana, na una hasara yake kubwa tu.

Kama chaza mmoja anatoa mayai mamilioni, si watazaliana tu warudi?

Hili swali ndilo naliona la maana kuliko yote, na ndipo watu wengi wanapopotea, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Chaza wengi wanaanza maisha wakiwa madume, wakikua wanageuka majike. Chaza wa virginica mkubwa wa miaka kadhaa ana uwezekano mkubwa awe jike, na jike kubwa linatoa mayai mara nyingi zaidi ya jike dogo, sio mara mbili, ni mara nyingi. Sasa angalia ugonjwa unaua nani. Kimelea kinahitaji muda kuingia, kuzaliana na kuua, kwahiyo watoto wa mwaka wa kwanza wengi wanapona, wanaokufa ni wa mwaka wa pili, wa tatu, wa nne kwenda mbele. Yaani ugonjwa unaondoa hasa wale wanaozaa. Ukienda kuhesabu unaweza kukuta chaza bado wapo wengi tu ukafurahi, kumbe wote ni wadogo, na hakuna hata mmoja atakayefika umri wa kutoa mayai ya kutosha. Chaza anaweza kuishi miaka zaidi ya kumi. Penye Dermo kali kufika miaka mitano tu ni bahati.

Kingine ni gamba. Chaza haishi juu ya mchanga au tope, mtoto wake akiwa anaelea majini anatafuta kitu kigumu cha kujishikiza, na anachokipenda zaidi ni gamba la chaza mwenzake. Mwamba wa chaza umejengwa na magamba ya vizazi na vizazi. Magamba hayo yanaliwa polepole, sponji wanaoyatoboa wanayala, maji yanayayeyusha, tope linayafunika, kwahiyo ili mwamba usizame lazima kila mwaka yaongezeke magamba mapya mazito. Gamba zito linatoka kwa chaza aliyezeeka. Chaza akifa na miaka miwili anaacha gamba dogo jepesi linaloisha haraka. Mwaka wa kwanza huoni tofauti, wa pili huoni, baada ya miaka kadhaa mwamba umeshuka, tope limepanda, na hata mabuu wa chaza wakija kwa mamilioni hawana pa kushika.

Ndio maana mimi nikisoma ripoti inasema "asilimia fulani wamekufa" naona haijaeleza kitu bado. Nataka kujua wa umri gani wamekufa na wangapi wazee wamebaki. Chaza wakizuiwa kuzeeka, unapoteza mayai na nyumba kwa wakati mmoja.

Kuna mifano ya kweli ya hasara, au ni maneno tu?

Ipo mingi na inaumiza.

Delaware Bay, Marekani, 1957. MSX ilitokea pale chaza wakaanza kufa bila mtu kujua kwanini, na ndani ya miaka miwili hivi chaza kati ya asilimia 90 na 95 kwenye maeneo ya chini yenye chumvi nyingi walikuwa wamekufa. Mwaka 1959 ikaonekana Chesapeake Bay, ghuba ya jirani. Jina lenyewe MSX lilitokana na ukweli kwamba watafiti waliona kwenye hadubini kitu cha duara chenye viini vingi wasichokijua, wakakipa herufi ya X wakati wanaendelea kukitafuta.

Chesapeake ikapigwa tena miaka ya 80 katikati, safari hii na Dermo, ambayo ilikuwepo pale tangu angalau 1949 lakini ilikuwa imetulia. Ukame ulipandisha chumvi ya maji ikasambaa mpaka sehemu ambazo zamani zilikuwa salama. Jimbo la Maryland mwanzoni mwa miaka hiyo ya 80 lilikuwa linavua zaidi ya busheli milioni moja (busheli ni kipimo cha ujazo cha kule) kwa msimu. Msimu wa 2003 kwenda 2004, baada ya miaka mingine ya ukame, walipata kama busheli 26,000 tu. Sio ugonjwa peke yake, uvuvi wa kupita kiasi ulishaanza kuua miamba tangu karne ya 19, ila ugonjwa ulikuta mgonjwa tayari yuko kitandani.

Ufaransa chaza bapa wa Ulaya walipigwa na Marteilia mwishoni mwa miaka ya 60, kule Brittany, kabla hawajainuka ikaja Bonamia 1979. Uzalishaji ambao ulikuwa karibu tani 20,000 kwa mwaka ukaporomoka mpaka kwenye tani 2,000 hivi, na haujawahi kurudi. Chaza wengi wanaouzwa Ulaya leo ni wa asili ya Pasifiki, walioletwa, wa kwao wenyewe wamekuwa adimu.

Alafu Foveaux Strait, kusini kabisa mwa New Zealand. Hapa kuna chaza wa asili wa baharini wanaovuliwa kutoka chini, na Bonamia exitiosa ilipolipuka kuanzia 1986 hadi 1992 walibaki chini ya asilimia 10 ya waliokuwepo. Uvuvi ukafungwa 1993, ukafunguliwa tena 1996. Walianza kurudi vizuri, ikalipuka tena mwaka 2000. Mfano huu naupenda kuutaja kwasababu unaonyesha pande zote mbili, chaza wa asili wanaweza kuinuka wakipewa nafasi, na kimelea hakiondoki, kinasubiri tu.

Vimelea vilitoka wapi?

Kwa vingi jibu ni moja, watu walihamisha chaza.

MSX kwa mfano, vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2000 vilionyesha kwamba kimelea cha pwani ya mashariki ya Marekani ni kilekile kinachoishi kwa chaza wa Pasifiki, ambaye asili yake ni Asia. Chaza wa Pasifiki amezoeana nacho, anakibeba bila shida kubwa. Kilipomfikia virginica ambaye hajawahi kukutana nacho hata siku moja ndio yakatokea ya 1957.

Bonamia ostreae safari yake ni ndefu zaidi. Chaza bapa wa Ulaya walipelekwa Marekani kufugwa, wakafika California, huko wakapata kimelea, alafu chaza wachanga kutoka huko wakaletwa Ufaransa na Hispania miaka ya 70 mwishoni. Kutoka hapo kikaenda nchi moja baada ya nyingine, Uholanzi, Uingereza, Ireland, kwa sehemu kubwa kwenye mizigo ya chaza hai.

Na haijaisha. New Zealand waligundua Bonamia ostreae 2015 upande wa Nelson na Marlborough, 2017 ikaonekana kwenye mashamba ya Stewart Island, serikali ikaamuru chaza wote wa kwenye mashamba hayo watolewe ili isiwafikie wale wa asili wa Foveaux Strait ambao nimewataja juu. Mwaka 2021 ikapatikana hukohuko Foveaux. Canada nao walikuwa na MSX Nova Scotia tangu 2002, kwenye Bras d'Or Lakes, ikakaa huko zaidi ya miaka 20, alafu 2024 ikathibitishwa Prince Edward Island ambako chaza ni uchumi wa watu wengi.

Inaambukizwa vipi kutoka chaza mmoja kwenda mwingine?

Dermo na Bonamia zinapita moja kwa moja. Chaza anachuja maji siku nzima ili ale, chaza mkubwa wa virginica joto likiwa zuri anaweza kuchuja mpaka lita 190 kwa siku, kwahiyo jirani akifa na kuoza vimelea vinatoka kwa wingi kwenye maji na huyu anavivuta ndani pamoja na chakula. Kadiri wanavyobanana ndivyo inavyokuwa rahisi.

MSX na Marteilia ni tofauti. Ukiweka chaza mgonjwa na mzima kwenye tangi moja, mzima hapati. Lazima kuna mnyama mwingine katikati. Kwa Marteilia ya Ulaya anayetajwa ni kikrasteshia kidogo, yaani mdudu wa jamii ya kamba na kaa, kinachoelea majini, Paracartia grani, na kwa QX ya Australia ni mnyoo wa baharini anayekaa kwenye tope, Nephtys australiensis. Kwa MSX huyo wa katikati hajapatikana mpaka leo, zaidi ya miaka 60 ya kutafuta, na hili ni pengo kubwa kweli kwasababu bila kumjua hata ukimtoa kila chaza mgonjwa hujakata mnyororo.

Chumvi na joto vinahusikaje, kila mtu anavitaja?

Vinahusika sana, kiukweli ndivyo vinavyoamua mwaka uwe mbaya au wa nafuu.

Maji ya bahari kuu yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Chaza wa virginica wanaishi pale mto unapokutana na bahari, kwenye chumvi kidogo mpaka ya wastani. MSX inataka gramu 15 kwenda juu, ikikaa chini ya 10 kwa wiki kama mbili kwenye maji ya vuguvugu inakufa ndani ya chaza na chaza anabaki mzima. Dermo ni sugu zaidi, inapenda chumvi ya 12 kwenda juu na joto linalozidi nyuzi 20, ikifika 25 inazaliana kwa kasi, lakini chumvi ikishuka haifi, inajificha tu. Kwahiyo mvua nyingi na mto uliojaa ni kinga, ukame ni hatari. Dhoruba ya Agnes mwaka 1972 ilimwaga maji mengi sana Chesapeake, iliua chaza wengi kwa kukosa chumvi, na papo hapo ikaisukuma MSX nje ya maeneo mengi.

Ndio maana chaza wa juu mtoni, wale wanaodharauliwa kwasababu wanakua polepole na ni wembamba, ni akiba ya thamani sana. Huko kimelea hakifiki au hakipati nguvu, wanazeeka, na mabuu wao wanateremka na maji kwenda chini.

Joto nalo linasogeza mipaka. Dermo zamani ilionekana ni shida ya kusini, ikafika mpaka Massachusetts na kupanda zaidi mwanzoni mwa miaka ya 90, kipindi cha majira ya baridi yasiyo na baridi kali. Maji yakiendelea kupata joto sioni sababu ya kutegemea kwamba sehemu za baridi zitabaki salama.

Si wawapige dawa tu?

Baharini? Haiwezekani. Chaza wa asili hawako kwenye tangi, ukimwaga dawa inaondoka na maji na kuua vingine. Chanjo pia hapana, chaza hana kinga ya kukumbuka kama yetu, hatengenezi kingamwili. Kinachobaki ni kuzuia kisiingie, kupunguza makali, na kusubiri chaza wenyewe wabadilike.

Kwani wanaweza kubadilika?

Ndio, na hii ndio habari nzuri kwenye jambo zima.

Delaware Bay baada ya mlipuko mwingine wa MSX katikati ya miaka ya 80, ule uliofika hata juu walikokuwa wamejificha chaza wasiowahi kuguswa, vizazi vilivyofuata vikawa vigumu kuambukizwa. Chesapeake upande wa Virginia nao wamekuwa wakifuatilia tangu 1960, na wanachofanya ni kizuri: kila mwaka wanachukua chaza kutoka sehemu isiyo na ugonjwa na kuwaweka kwenye maji yenye ugonjwa, wakiwa kama kipimo. Hawa wageni wanapata MSX vibaya mno, kumaanisha kimelea bado kipo tele, huku chaza wa asili wa palepale wanaopata ni wachache. Kwahiyo chaza ndio waliobadilika.

Na kumbuka kimelea nacho hakijakaa. Watafiti walirudi kwenye sampuli za zamani za Dermo zilizohifadhiwa, wakakuta kati ya 1983 na 1990 kimelea kilibadilika, seli zikawa ndogo, mzunguko wa maisha ukawa mfupi na ukali ukaongezeka. Kwa hiyo ule mlipuko wa miaka ya 80 haukuwa ukame peke yake, adui mwenyewe alikuwa amegeuka kuwa mwingine. Sampuli zilizokaa kwenye makabati miaka 30 zikaja kujibu swali ambalo wakati zinawekwa hakuna aliyekuwa amelifikiria, na kwa hilo nawaheshimu sana wale waliozitunza.

Sasa ili chaza wabadilike lazima waliopona wabaki hai na wazae. Ukimwacha chaza apigane na ugonjwa miaka mitano, ashinde, alafu unamvua kwasababu amekuwa mkubwa na mzuri, umeondoa mbegu uliyokuwa unaihitaji kuliko zote. Kwa mtazamo wangu maeneo ya hifadhi yasiyovuliwa kabisa, tena yawekwe penye ugonjwa na sio tu pale palipo salama, ni lazima. Najua wavuvi wengi hawapendi kusikia hivi na hoja yao naielewa, wanaona chaza wanakufa kwa ugonjwa wakati wangeweza kuvuliwa. Ila wanaokufa ni wale walioshindwa, tunaotaka kuwalinda ni wale wasiokufa.

Kwanini wasilete chaza wa nchi nyingine asiyeumwa?

Lilifikiriwa kwa uzito kabisa. Miaka ya 2000 Maryland na Virginia walitaka kuleta Crassostrea ariakensis wa Asia aliyeonekana kuvumilia Dermo na MSX. Walipomjaribu North Carolina akapata Bonamia na kufa kwa wingi. Baada ya uchambuzi mrefu mpango ukakataliwa 2009. Naona walifanya jambo sahihi, maana wazo la kuleta chaza wa mbali ndilo lililotuletea hii shida tangu mwanzo.

Ufugaji wa chaza unasaidia au unaharibu?

Vyote viwili, inategemea unafanyikaje. Wafugaji wanatumia mbegu zilizochaguliwa kwa kuzalisha waliopona ugonjwa kizazi baada ya kizazi, na wengine wanafuga chaza wenye seti tatu za kromosomu ambao hawazai vizuri, nguvu zao zinaenda kwenye kukua, wanafika sokoni kabla Dermo haijawamaliza. Wakivunwa mapema wanaondoka majini na vimelea vyao, hapo shamba linapunguza mzigo kwa chaza wa asili. Ila shamba lililoachwa chaza wagonjwa wafe na kuozea palepale ni kiwanda cha vimelea, na mbegu inayosafirishwa bila kupimwa ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupeleka ugonjwa mahali pasipokuwa nao.

Wanajuaje chaza ana ugonjwa, kuna dalili za kuangalia kwa macho?

Kwa macho hutambui. Chaza aliyekonda anaweza kuwa ametoka kutaga tu, au amekosa chakula. Kwa Dermo kuna kipimo cha mwaka 1952 cha mtafiti Sammy Ray ambacho bado kinatumika: unachukua kipande cha nyama, unakiweka kwenye mchuzi maalum wa maabara siku tano mpaka saba, vimelea vinavimba, alafu unatia iodini na vinageuka rangi ya bluu nyeusi, unavihesabu kwa hadubini. Bei yake ndogo na kinakwambia pia ukali wa maambukizi. Kwa vingine wanakata nyama vipande vyembamba sana vya kuangalia kwa hadubini, au wanapima vinasaba. Kipimo cha vinasaba ni kikali lakini kinakwambia tu kwamba alama ya kimelea ipo, sio lazima chaza awe anaumwa, kwahiyo wataalam wanapenda kuvitumia pamoja.

Dermo yenyewe iligunduliwa kwa njia ambayo haikutarajiwa. Miaka ya 40 wafugaji wa Louisiana waliona chaza wanakufa wakalaumu uchimbaji wa mafuta, kesi zikafunguliwa, upande wa mafuta ukalipia utafiti mkubwa, na katika kutafuta huko ndipo kimelea kikaonekana, kikaelezwa rasmi 1950.

Wale virusi vya chaza wachanga nao ni vimelea hivi hivi?

Hapana, kile kirusi cha herpes kinachoua chaza wachanga wa Pasifiki ni kitu kingine, kinaua kwa siku chache. Usichanganye.

Chaza wakiisha sisi wengine inatuhusu nini?

Inakadiriwa asilimia 85 ya miamba ya chaza duniani imeshapotea, kwa uvuvi, uchafuzi na magonjwa kwa pamoja. Ukitoa mwamba unatoa kichujio cha maji, mwani unazidi, mwanga haufiki chini, majani ya bahari yanakufa, samaki na kaa wadogo waliokuwa wanajificha kwenye magamba wanakosa pa kukaa, na mawimbi yanagonga ufukwe bila kizuizi. Na bado kuna kazi za watu.

Mimi mtu wa kawaida, au mvuvi mdogo, nifanye nini?

Usihamishe chaza hai kutoka maji haya kwenda maji yale, hata kama ni wachache, hata kama wanaonekana wazima kabisa. Hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: USIHAMISHE. Maganda mabichi na maji ya kuoshea usiyarudishe baharini, hasa kama chaza walitoka mbali. Ukitaka kuchangia magamba kwa ajili ya kujengea miamba ni jambo zuri sana, ila yaanikwe nchi kavu miezi kadhaa kwanza mpaka nyama yote iishe. Boti, nyavu na kamba zikitoka eneo lenye ugonjwa zioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kuingia eneo lingine, na ule uchafu uliogandia chini ya boti uukwangulie nchi kavu.

Ukikuta chaza wengi wako wazi, gamba limeachama na nyama bado imo ndani, piga picha, andika tarehe na mahali, toa taarifa mamlaka ya uvuvi au maabara ya magonjwa ya wanyama wa majini siku hiyohiyo. Usisubiri waoze, nyama ikishaoza hawawezi kupima kitu. Magonjwa kama Bonamia, Marteilia refringens na Perkinsus yapo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, nchi inatakiwa kutoa taarifa, na taarifa hiyo mara nyingi inaanza na mtu mmoja aliyepita pale maji yalipokupwa akaona kitu hakiko sawa. Chaza wenyewe waache palepale walipo mpaka wanaohusika wafike, usiwabebe kwenda kumuonyesha mtu kwenye maji mengine.